Mama wa Kigoma na kilomita 21: mwongozo kamili wa kupata muda wa mbio ndefu bila nyumba kulala njaa

Kila Januari wanawake wawili watatu huja kwenye cherehani yangu hapa mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, kushonewa traki. Ikifika Machi nakutana nao sokoni wanakwepa macho yangu. "Dada, nilianza vizuri, ila..." Ila mtoto aliumwa. Ila wifi alikuja kukaa. Ila kazini walibadilisha zamu.

Wote walianza kwa mtindo mmoja. Walitega kengele ya simu saa 11 alfajiri, wakakimbia siku nne mfululizo, wiki ya tatu wakalala fofofo.

Uvivu haumo hapo. Mwanamke anayeandaa watoto wanne na kufungua biashara kabla ya saa 2 asubuhi huwezi kumwita mvivu. Alichokosea ni kuuiba muda kwenye usingizi wake mwenyewe, na usingizi hudai deni lake mapema. Muda wa mbio ndefu unachukuliwa kutoka kwenye kazi fulani unayoijua, na kazi hiyo anakabidhiwa mtu fulani unayemjua kwa jina. Mwongozo huu ni wa wiki 22, kutoka kutokimbia kabisa hadi kilomita 21. Karibu nusu yake hauhusu miguu.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Raba jozi moja na soksi jozi mbili.
- Sidiria za michezo mbili, moja inakauka nyingine imevaliwa.
- Taiti au traki, fulana ndefu, na sketi fupi ya juu ukipenda. Kwa anayejisitiri, ushungi wa kitambaa cha jezi ulioshonwa, usiohitaji pini. Pini hufunguka ukiwa mwendoni na huchoma shingo.
- Mafuta ya mgando, ya kupaka mapajani, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria. Ukisahau, utakumbuka ukianza kuoga.
- Simu. Kitochi kinatosha, ilimradi kina saa.
- Ndoo yenye mfuniko na chupa kubwa ya chai.
- Wanawake wengine watatu. Hili ndilo gumu kuliko yote, tutalifikia.

Raba za mitumba zinafaa ukijua kuzikagua. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha hata kama juu inang'aa. Kisha weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishakipinda kwa mwendo wake, na goti lako ndilo litakalolipa. Jaribu jioni, miguu ikiwa imejaa kidogo kwa shughuli za kutwa, na uwe na soksi. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kucha zitageuka nyeusi ukifika kilomita 12.

## Hatua ya 1: Andika wiki nzima

Kwa siku 7 andika kila unachofanya, kwa vipande vya nusu saa. Usiandike "kazi za nyumbani". Andika "kusubiri maji", "kuchambua dagaa", "kumpeleka mtoto kliniki". Maneno makubwa huficha dakika.

Kwenye daftari langu la kwanza nilikuta dakika 40, mara tatu kwa wiki, nimekaa kwenye benchi nje ya madrasa nikimsubiri binti yangu huku tukipiga soga na kina mama wenzangu. Nilikuwa nimeapa kwamba sina hata robo saa. (Muda wa kwenye simu nao niliuandika. Sitautaja hapa.)

Ukimaliza, zungushia duara kazi za aina tatu: zile za kusubiri, zile za kutembea kwenda mahali na kurudi, na zile ambazo mtu mwingine mwenye mikono miwili anaweza kuzifanya. Muda wako umo humo.

Angalizo: hesabu mlango hadi mlango. Kukimbia dakika 35 kuna kuvaa dakika 6, kupasha misuli 5, kutembea kupoa 5, kuoga na kuvaa tena 15. Hiyo ni zaidi ya saa nzima. Wengi hupanga 35, wakirudi wanakuta nyumba imekasirika, na wana haki ya kukasirika.

Umefaulu hatua hii ukiwa na vipande viwili vya dakika 70 katikati ya wiki na kimoja cha saa mbili na nusu mwisho wa wiki. Vikiwa karatasini tu inatosha kwa sasa.

## Hatua ya 2: Panga saa kwa jua la Kigoma

Ratiba nyingi za mazoezi zinazosambazwa kwenye simu zimeandikwa na watu wa Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ya ukutani ni ileile moja. Jua linatufikia karibu dakika 40 baada yao. Hapa huchomoza kati ya saa 12:35 na kama saa 1:10 asubuhi, kutegemea mwezi. Kwa hiyo saa 11 alfajiri ya Kigoma ni usiku wa manane wenye jina la asubuhi: giza, mbwa, na bodaboda asiye na taa.

Mwanga ukija, watoto nao wanatoka kwenda shule. Ndiyo sababu asubuhi ya siku za kazi huwashinda wengi, na watu husema hawana nidhamu.

Fidia iko jioni. Jua linazama kati ya saa 12:50 na saa 1:25, kwa hiyo saa 12 kamili jioni bado unaona shimo la barabarani vizuri. Tatizo la jioni ni jiko, na jiko lina dawa: kila kinachochukua muda kuiva kichemshwe mapema. Maharage yachemke usiku uliotangulia au mchana, yafunikwe. Ukirudi unaunga na kusonga ugali.

Chagua kulingana na riziki yako:

Mwajiriwa (mwalimu, nesi, karani): saa 11 hadi saa 12:10 jioni, siku mbili zisizofuatana. Nesi wa zamu asipange kwa majina ya siku, apange kwa zamu: kukimbia ni siku ya pili baada ya zamu ya usiku, siku ya kwanza ni ya kulala.

Mwenye duka au fundi: saa 1:15 hadi saa 2:25 asubuhi, watoto wakishatoka. Watu huogopa jua la saa 2. Kigoma jua hilo limechomoza muda si mrefu, bado halijapata makali.

Mama wa dagaa: wewe fuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inaingia mwalo wa Kibirizi alfajiri na huna asubuhi, una mchanga, chanja na wateja. Mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Weka mbio zako ndefu kwenye siku hizo za mbalamwezi, na wakati wa giza kimbia fupi mbili tu za jioni. Niliwahi kumpangia mteja wangu ratiba ya Jumamosi kwa Jumamosi, akashindwa mara mbili. Tulipopanga kwa mwezi, hakukosa.

## Hatua ya 3: Kaa na watu wa nyumbani

Usiseme "nataka kuanza mazoezi". Sentensi hiyo haina mwanzo wala mwisho, na mume atasikia kwamba mke anatoka. Nenda na saa, njia, chakula na muda wa majaribio.

"Baba Zai, Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni nataka kwenda kukimbia, saa 12 nimerudi."

"Kukimbilia wapi?"

"Katubuka na kurudi. Maharage yatakuwa yameiva, nikirudi ni ugali tu."

"Na Zai?"

"Yuko madrasa, namchukua wakati narudi. Naomba wiki 6. Tukiona nyumba inayumba, tunakaa tena."

Wiki 6 zina kazi yake. Mtu hukubali jaribio kwa urahisi kuliko kukubali maisha mapya, na baada ya wiki 6 ugali wa saa 1 na nusu umekuwa ugali wa kawaida.

Mama mkwe mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa. Wa kwangu aliponiona na raba mara ya kwanza aliuliza ni nani ananifukuza. Siku hizi ikifika saa 11 na nusu bado nimekaa, anauliza kama wamechoka kunifukuza.

Onyo: usifiche. Huu ni mji ambao bodaboda wa kwanza atakayekuona barabara ya Lumumba ataifikisha habari kabla hujageuka kurudi, na ataifikisha kwa namna yake.

Binti wa kazi kama yupo, yeye naye anahitaji kukaa na wewe, pamoja na malipo ya ile saa unayomwongezea au kazi nyingine unayomwondolea. Muda wako usitoke kwenye mgongo wa msichana wa watu.

## Hatua ya 4: Cheza upatu wa Jumamosi

Siku za katikati ya wiki utazimudu peke yako. Mbio ndefu ya saa mbili na zaidi huimudu peke yako, labda uwe na bibi nyumbani asiyechoka. Hapa ndipo karibu kila aliyeniuliza alipokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Upatu unaujua: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Sisi tuliondoa pesa tukaweka muda. Wanawake wanne. Kila Jumamosi mmoja anabaki na watoto wote, watatu wanakimbia. Katika wiki nne unakimbia tatu na kubaki moja.

Hesabu hiyo inaoana na mwili pia. Misuli, mifupa na kano hujijenga wakati wa kupumzika, na kila baada ya wiki tatu za kuongeza unahitaji moja nyepesi. Jumamosi unayobaki ndiyo wiki yako nyepesi. Hujakosa zoezi, umelifanya.

Upatu wetu wa kwanza ulivunjika. Tulikuwa sita, wengi mno, na mwenzetu mmoja alikimbia Jumamosi tatu, zamu yake ilipofika akasafiri kwenda Kasulu. Wiki iliyofuata hakuna aliyetaka kubaki. Masharti tuliyonayo sasa yametokana na mkasa huo:

1. Mwanachama mpya huanza kwa kubaki. Akishabaki mara moja ndipo anakimbia.
2. Kila mama anapeleka unga wa uji na sukari Ijumaa jioni kwa mwenye zamu. Watoto wakija asubuhi, sufuria iko jikoni tayari.
3. Mtoto mwenye homa, kuharisha au mafua makali haletwi. Mama yake naye siku hiyo anabaki nyumbani kwake.
4. Mtoto anayenyonya tu, wa chini ya miezi sita, haingii kwenye upatu.
5. Mnaondoka saa 12:40, mnarudi saa mliyoitaja. Kila robo saa ya kuchelewa ni shilingi 1,000 mkononi mwa aliyebaki. Si pesa nyingi, lakini mtu huongeza mwendo akiikumbuka.
6. Anayekosa zamu yake bila msiba wala ugonjwa anabaki mara mbili mfululizo.

Ukibaki kwa mara ya kwanza utaelewa kwa nini masharti ni makali. Ndala kumi na moja mlangoni, hakuna mbili zinazofanana. Mmoja analia kwamba kikombe cha njano ni chake, na kweli ni chake. Mwingine amejifungia chooni na anafurahi. Funga geti, ondoa jiko la mkaa uani mara uji ukiiva, na pipa la maji liwe na mfuniko mzito. Mambo hayo matatu ndiyo ninayokagua kwa mtu kabla sijamwachia wanangu, zaidi ya tabia yake.

Ukikosa watatu, anza na mmoja. Mkiwa wawili, uwanja wa mpira unawatosha: mmoja anakaa na watoto pembeni, mwingine anazunguka, mnabadilishana. Kuzunguka uwanja wa mpira wa kipimo cha kawaida, ukifuata mistari ya nje, ni kama mita 350, kwa hiyo mizunguko mitatu inazidi kilomita moja kidogo. Inachosha akili, sikatai. Kwa anayenyonyesha, au asiyeruhusiwa kwenda mbali, ndiyo njia nzuri kuliko zote.

Dalili kwamba upatu umeshika: zamu imezunguka mara moja, wote wanne wamebaki, na hakuna aliyepiga simu Ijumaa usiku kutoa udhuru.

## Hatua ya 5: Wiki 4 za kwanza, kimbia kidogo tembea kidogo

Siku mbili za katikati ya wiki:

- Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10.
- Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara 8.
- Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 1, mara 8.
- Wiki ya 4: kimbia 5, tembea 1, mara 6.

Jumamosi: tembea kwa kasi dakika 40, wiki inayofuata 50, kisha 60, kisha wiki nyepesi.

Utaona ni rahisi mno. Ni rahisi kwa makusudi. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, kano na mifupa huchukua miezi. Anayekwenda kwa kasi ya pumzi zake huishia na maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu wiki ya tano.

Kipimo cha kasi ni mdomo. Taja namba yako ya simu yote kwa sauti bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Kichomi kikikubana ubavuni, tembea, pumua kwa tumbo, kitaachia.

Bado usipande mlima wa Lumumba kutoka stesheni. Utakuwepo tu, haukimbii.

Mwisho wa wiki ya 4 usipime kilomita. Hesabu siku: kati ya siku 8 za katikati ya wiki, zikifika 6, endelea. Zikiwa chini ya hapo, rudi Hatua ya 2, saa uliyochagua si yako.

## Hatua ya 6: Wiki ya 5 hadi ya 21

Katikati ya wiki unakimbia mfululizo dakika 35 hadi 45, mara mbili. Jumamosi, kilomita:

- Wiki 5–8: 6, 7, 8, nyepesi.
- Wiki 9–12: 9, 10, 11, nyepesi.
- Wiki 13–16: 12, 13, 14, nyepesi.
- Wiki 17–20: 15, 16, 18, nyepesi.
- Wiki 21: 10 tu, miguu ipate kupona.

Kwa kuwa kila mmoja ana zamu yake ya kubaki, wenzako watakuwa mbele au nyuma yako kwa kilomita moja hivi. Kimbieni njia ya kwenda na kurudi. Anayepaswa kukimbia pungufu anageuka mapema, na wote mnakutana njiani.

Njia nzuri ya Jumamosi ni ya Ujiji. Kutoka mjini hadi Ujiji ni kama kilomita 8. Geukia kwenye miembe ya makumbusho ya Livingstone na ukirudi una kilomita 16. Ukitaka kipimo cha uhakika, mlipe bodaboda akupitishe njia nzima mara moja huku ukisoma mita yake, uandike alama: duka gani ni kilomita 3, msikiti gani ni 5.

Magari yetu hupita kushoto, wewe kimbia kulia uyaone yanakuja. Mbwa akikujia, simama, tembea, usimpe mgongo.

Kuanzia wiki ya 9, siku moja kati ya zile mbili ipeleke mlimani. Sasa Lumumba inaruhusiwa: panda kwa kukimbia dakika 1, shuka kwa kutembea, mara 6. Mlima hukupa nguvu ya miguu kwa dakika chache, na mama mwenye dakika chache anauhitaji kuliko mtu yeyote.

Mbio moja fupi iunganishe na safari uliyokuwa nayo tayari. Mimi hukimbia kwenda Kibirizi na noti mbili ndani ya mfuko wa zipu nilioushona kiunoni mwa traki, nanunua dagaa, narudi kwa bajaji mfuko ukiwa mapajani. Nyumbani wanaona dagaa, na anayeleta kitoweo haulizwi alikuwa wapi.

Mbio ikizidi dakika 75, mwili unahitaji chakula na maji. Ndizi mbivu moja au tende tatu nne kila baada ya dakika 40 hivi, na maji kwa mafunda madogo. Mkate mkavu usijaribu. Kula saa moja na nusu kabla ya kutoka, kitu chepesi: kipande cha kiazi kitamu, chai ya rangi. Migebuka, wale samaki wa ziwani, ya kukaanga kwa mawese ibaki ya mchana.

Kosa linalorudiwa hapa: kukosa Jumamosi moja kisha kuirukia iliyofuata na kuongeza juu. Ukikosa 13, wiki inayofuata ni 13, hata kama mwenzako anakwenda 14.

## Hatua ya 7: Mwili wa mama si wa kocha

Ukiwa umejifungua. Subiri angalau wiki 12 kabla ya kukimbia. Kwa upasuaji, usubiri ruhusa ya daktari. Kabla ya hapo tembea, na fanya zoezi la kukaza misuli kama unayezuia mkojo: hesabu hadi 10, achia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukikimbia mkojo ukavuja, au ukahisi uzito kama kitu kinashuka chini, simama na uende kuonana na mtaalamu. Wanawake huliona hilo ni aibu ya kawaida ya uzazi. Linatibika.

Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018 na mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Tokyo. Watu hunitajia mfano huo kuonyesha kwamba inawezekana, nami nakubali. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake, na nyuma yake kuna makocha na wataalamu. Wewe una ndoo na majiko mawili. Usiige tarehe za mtu.

Anayenyonyesha: nyonyesha au kamua kabla tu ya kutoka, kifua kiwe chepesi, na kunywa maji mengi kuliko unavyodhani.

Damu. Hedhi, uzazi na malaria hupunguza damu, na mbio zinaihitaji. Ukichoka isivyo kawaida, ukiona kizunguzungu, au mwendo rahisi unakukata pumzi, pima. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Dagaa, maini, maharage na matembele vinasaidia. Kamulia limau juu ya mboga, na chai usinywe pamoja na chakula, ikae mbali kwa saa moja, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Wahenga wa chai baada ya ugali watanilaumu.

Siku za hedhi kimbia kama unajisikia. Hakuna madhara. Zoezi jepesi huwapunguzia wengine maumivu.

Malaria: hakuna kukimbia hadi dozi iishe na homa itoke kabisa. Kisha wiki ya kutembea, halafu rudi nyuma wiki mbili kwenye ratiba.

## Hatua ya 8: Wiki itakapovurugika

Itavurugika. Msiba, mgeni, mitihani, mvua ya Machi. Weka kabisa "kiasi cha chini": dakika 20, mara mbili kwa wiki. Hicho hakijengi mwili, kinalinda saa yako. Nyumba ikizoea kwamba Jumanne saa 11 upo, kuirudisha ile saa ni kazi kubwa kuliko kurudisha pumzi.

Ramadhani sisi tunasimamisha upatu. Tunatembea kwa kasi au kukimbia polepole dakika 25 kabla ya futari, ili maji yawe karibu. Ratiba inaendelea pale ilipoishia baada ya Idi, ukiwa umerudi nyuma wiki moja.

## Hatua ya 9: Siku ya kilomita 21

Mashindano makubwa yako mbali na huku. Kilimanjaro Marathon ni Moshi, upande wa pili wa nchi, na mama akishahesabu nauli, siku za njiani na atakayebaki na watoto, anaahirisha hadi mwaka ujao. Kwa mara ya kwanza fanya 21 yako hapahapa, Jumamosi ya kawaida. Moshi utakwenda ukiwa unajua unaweza.

Ugumu wa siku hii ni kwamba wote wanne mnataka kukimbia, kwa hiyo upatu hauna wa kubaki. Waite kina baba wiki mbili kabla. Wawili wanatosha, na uji waachieni umeshapikwa.

Usivae kitu kipya. Ondokeni saa 12:40. Kilomita 5 za kwanza ziwe polepole hadi uone aibu. Kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita utamaliza kwa saa 2 na dakika 49 hivi, na kutembea panapopanda kunaruhusiwa. Mwombeni dereva wa bajaji mnayemfahamu awe na maji na ndizi kilomita ya 8 na ya 15. Kimoja cha viti vyake kiwe cha atakayeshindwa.

Ukimaliza usikae chini. Tembea dakika 10, kunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari, kula ndani ya saa moja. Ngazi kesho yake utazishuka kinyumenyume. Siku nne usikimbie.

Jumamosi inayofuata upatu unaanza upya, na kama zamu ni yako, watakuja kumi na mmoja saa 12:30. Kikombe cha njano kiweke juu ya kabati.